Mzee wa Kuuliza Wateja

Jumapili, tarehe kumi na tatu, mwezi wa kumi na moja, 1977. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika saa nne, kisha ikarudi nyembamba, kama maji tunayonyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Njia ya kupanda Kibuli ilikuwa tope tupu.

Nimetoka kumwona Mzee. Anaumwa kifua, na watu wanasema hatafika mwaka mpya. Nilikwenda kumwomba msamaha niliochelewa kuuomba kwa miaka miwili na zaidi. Kabla sijaandika yaliyotokea, nataka niandike ni mtu wa namna gani, maana nikianza na ya leo nitajionea huruma, na maneno yote yatakuwa ya kunihusu mimi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu. Kiswahili nilikipata katika kambi ya polisi nilikokulia, si kwa mwalimu. Nikikosea kumweleza, kosa ni la kalamu yangu.

Kazi yake haikuwa na jina, ndiyo maana watu walimwita Mzee wa Kuuliza. Zamani alikuwa fundi cherehani wa jeshi, wakati wa Mwingereza. Alipostaafu akawa mtu ambaye, ukitaka kununua biashara ya mwenzako, unamtuma kwanza kwa wateja. Hakwenda kwa muuzaji. Kwa muuzaji utakwenda wewe. "Mwenye duka atakuonyesha rafu," alikuwa akisema. "Mteja atakuonyesha mlango."

Kazi hiyo ilikuwa nyingi miaka ile. Wahindi walikuwa wameondoka, maduka yakagawiwa, na aliyegawiwa naye akauza kimyamyama kwa mwingine. Duka moja lingeweza kubadilisha mwenyewe mara tatu kabla hata kibao cha mlangoni hakijapakwa rangi mpya. Watu walinunua gizani. Mzee alikuwa taa yao, na malipo yake yalikuwa kipande cha kitambaa cha shati, nacho alikidai baada ya mwaka mmoja, biashara ikiwa bado hai. Ikifa, hakudai kitu. Sijamwona mwingine wa namna hiyo Kampala hii.

Namna yake ya kuuliza nitaieleza kama nilivyoiona. Kamwe hakumuuliza mtu kama anapenda duka fulani. "Kupenda ni adabu," alisema. "Ukimuuliza mtu kama anapenda, atakupa adabu, utarudi nyumbani na kikapu cha adabu." Aliuliza hivi: siku ile duka lilipofungwa, ulikwenda wapi? Halafu ananyamaza. Alikuwa na kunyamaza kwa aina yake, ameegemea mwavuli wake mweusi, kichwa amekiinamisha kidogo, mpaka yule mtu anaona vibaya na kuongeza maneno. Maneno ya kuongeza ndiyo aliyoyataka.

Pili, aliwatafuta walioacha. Kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi ambayo jirani yangu alitaka kuinunua. Mzee hakukaa pale mashineni. Alikaa barabarani, akawasimamisha akina mama waliokuwa wanaipita na mizigo kichwani kwenda kusaga mbali zaidi. Mmoja akamwambia, "Mzee wangu, unga wa pale unalia kwenye meno." Jirani hakununua.

Tatu, hakula wala kunywa katika nyumba aliyokwenda kuuliza. Hata maji. Alisema ukishakunywa chai ya mtu, atakusemea mazuri ya kila mtu, na wewe utayaamini.

Lakini nataka niwe wa haki. Hakuwa mtu wa kupatia siku zote. Mtu mmoja alitaka kununua hoteli ya chakula karibu na stendi ya taksi. Mzee akaenda, akarudi, akasema usinunue. Kwa nini? "Watu wanne wamesifu chakula, na hakuna hata mmoja aliyetaja chakula gani." Tulicheka, tukaona ni akili kubwa. Yule mtu akanunua hivyo hivyo, na hoteli ile mpaka leo imejaa watu mchana. Aliletewa kitambaa cha shati, akakikataa. Akasema hakustahili. Akanuna wiki nzima.

Tena huyu mtu wa kutafuta ukweli alikuwa mwongo. Sipendi kuliandika neno hilo lakini ndilo. Hakuwahi kusema kilichompeleka katika nyumba ya mtu. Alikuwa na uongo mmoja aliouvaa kama koti: kwamba anamtafuta mkwe wake, mume wa binti yake, aliyepotea. Akina mama walimhurumia, wakamkalisha, na kutoka kwa mkwe aliwasogeza polepole mpaka kwa muuza nyama au fundi viatu. Hakuwa na binti hata mmoja.

Siku moja vijana wa Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, walimletea mtu wamemshika mkono, mbele ya msikiti, watu wanatoka Ijumaa.

"Mzee! Mkwe wako huyu hapa, tumemkamata!"

Yule mtu alikuwa anatweta. "Mimi sijaoa hata mke mmoja, ukwe nimeutoa wapi?"

Mzee akamzunguka, akamtazama mbele na nyuma kama anayempima suti. "Siye," akasema. "Mkwe wangu alikuwa na sura nzuri."

"Aa! Kunishika mmenishika, na kunitukana tena?"

Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Mzee alimnunulia yule mtu chai na chapati mbili, akatembea naye hadi kwake, na mpaka jioni alikuwa ameshajua habari za kila duka la mtaa ule.

Alipenda viatu. Alivipaka rangi kila asubuhi hata siku ya tope, na akimwona kijana mwenye kiatu kichafu alimwambia, "Miguu yako inakusengenya." Alikuwa mkali kwa mkewe mbele za watu na mpole kwake ndani ya nyumba. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kufika bila kubisha hodi vizuri, nikamkuta anamchanua nywele. Alikasirika miezi. Kusoma alisoma Kurani na herufi zake. Herufi zetu hizi hakuzijua, na hakutaka mtu alijue hilo. Kila alichoambiwa alikiweka kichwani. "Karatasi ina mdomo," alisema, "na haichagui wa kumwambia." Mimi nilidhani anaficha aibu ya kutojua kusoma. Huenda ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine niliijua kwa kuchelewa.

Maana lazima nieleze na hili. Miaka hii, mtu anayeuliza anaogopwa kuliko mwenye bunduki, kwa sababu mwenye bunduki unamwona. Mzee aliendelea kuuliza. Nilimwambia mara moja, Mzee, huogopi? Akasema, "Naogopa. Ndiyo sababu nauliza habari za sabuni."

Sasa nafika kwangu.

Nilikuwa nimepiga pasi miaka kumi na moja katika dobi ya hospitali, yaani mahali pa kufulia. Chini ya mlima wa Naguru, wenye kambi ya polisi, kulikuwa na dobi ndogo ya Mkenya mmoja, mtu mwema, aliyetaka kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wateja wake walikuwa polisi na askari wa mlimani: sare, kola, wanga mkali. Mke wangu na mimi tuliweka pamoja kila tulichokuwa nacho na alichotupa baba yake. Tukikosea, tungerudi kijijini. Nikamwomba Mzee aende kuuliza, naye akakubali, kwa sharti nifuatane naye nijifunze.

Tulizunguka siku tatu, nyumba saba. Mimi nilikaa nyuma, nikanyamaza kama alivyoniagiza. Lakini kichwa changu hakishiki. Kila tulipotoka nilijificha, nikaandika katika daftari la shule: nyumba ya nani, sare ngapi, zinaletwa lini, zinatakiwa lini na kwa nini. Niliona fahari. Nilijiambia, Mzee ana kichwa, mimi nina kalamu.

Asubuhi ya siku ya tatu, tulipokuwa tunashuka mlima, alinipa jibu lake. "Nunua. Lakini jua unachonunua. Hawaendi kwa ajili ya pasi. Yule mke wa Mkenya anashona vifungo vilivyokatika bila kuambiwa, na hasemi. Watu watano kati ya saba wamelitaja hilo bila kuulizwa. Mke wako ashone vifungo, asiseme."

Nilifurahi hata nikatoa daftari kumwonyesha kwamba na mimi nilikuwa nimeliona hilo. Alisimama palepale njiani.

"Umeandika?"

"Ndiyo, Mzee. Yote."

"Nisomee."

Nikamsomea: nyumba ya nne, mke wa sajini, sare mbili, zitoke Jumatano asubuhi, maana Jumatano bwana anashika zamu barabara ya Jinja. Nyumba ya tano, sare tatu Ijumaa, maana Jumamosi yuko na wakubwa uwanja wa ndege. Nikaendelea kidogo, halafu mimi mwenyewe nikasikia ninachosoma. Kwa dobi, ile ni ratiba ya kufua. Kwa mtu mwingine ilikuwa orodha ya askari gani yuko wapi siku gani.

Mzee hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akachukua daftari, akalitia ndani ya kanzu. "Litapikia chai ya mama yako leo," akasema, akimaanisha mkewe. Tukaendelea kushuka.

Chini ya mlima palikuwa na kizuizi ambacho tulipopanda hakikuwapo.

Askari aliyetupekua alikuwa kijana mstaarabu. Nataka liandikwe. Alimwita "Baba", na alipomkuta na daftari alilisoma polepole bila kelele.

"Hii kitabu ya nani?"

"Yangu," Mzee akasema.

"Na huyu?"

"Huyu simjui. Tumekutana njiani."

Askari akanigeukia. "Wewe, unajua huyu mzee?"

"Hapana, afande. Simjui."

Nimeligeuza jibu hilo kila upande kwa miaka miwili. Yeye ndiye aliyeanza kusema hanijui. Ningesema namjua, ningemfanya mwongo mbele ya bunduki. Hiyo ni sababu, na ni sababu ya kweli. Lakini nakumbuka pia kwamba neno lilitoka kinywani mwangu jepesi, kama lilikuwa linasubiri.

"Baba, wewe unajua kuandika?" askari akauliza. "Soma basi tusikie."

Akampa daftari. Mzee akalifungua, akalishika mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wasomaji wazee, akasoma. Nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Sare, siku, zamu, hata jina la mtoto aliyekuwa na surua. Hakukosea hata moja. Mimi pekee niliona kwamba hakugeuza ukurasa. Nyumba saba zote alizisoma kutoka ukurasa mmoja, tena ulikuwa ule wa nyuma wenye hesabu za kuzidisha. Askari alikuwa anamtazama mdomo.

"Unasoma vizuri, Baba," akasema, wala hakuwa anadhihaki. "Panda gari."

Mimi nikaambiwa niende. Nikaenda.

Mwisho wa mwezi Mkenya alikuwa anaondoka, na Mzee alikuwa bado ndani. Nilinunua dobi. Nilinunua kwa neno lake, wakati yeye analala sakafuni mahali nisipopajua. Mke wangu akashona vifungo, hakusema, na wateja hawakuondoka hata mmoja. Tunakula kwa sababu hiyo mpaka leo.

Alitoka siku ya ishirini na mbili. Alitembea wima na viatu vyake vimepakwa rangi. Lakini hakuuliza tena. Sisemi kazi ile tu. Ulimwambia "Habari za leo, Mzee," akajibu "Nzuri," akaishia hapo. Hakurudisha habari za kwako, za watoto, za kazi. Watu wakasema amekuwa na kiburi. Niliwasikia wakisema hivyo katika dobi yangu mwenyewe, nikaendelea kupiga pasi. Baada ya mwaka nilimtumia kitambaa cha shati kwa mkono wa mtu mwingine. Alikipokea. Sikujua maana yake.

Basi leo. Alikuwa amelala kitandani sebuleni, mito mitatu mgongoni. Mkewe alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, ungo mapajani. Nilisalimia, nikakaa, nikasema.

"Mzee, nimekuja kwa sababu ya lile daftari. Lilikuwa langu. Ukasema ni lako, na mimi nikakuacha."

"Najua lilikuwa lako," akasema. "Mimi nilikuwepo." Akakohoa, na nikaona kwamba alikuwa anacheka. "Hilo nilishakusamehe palepale. Mpumbavu anasamehewa upesi, hachoshi."

"Na nilisema sikujui."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusema."

Nikafikiri, kumbe ni hili tu, kumbe nimejitesa bure. Nikaanza kumshukuru. Akainua mkono.

"Nilisema sikujui ili uende. Unadhani nilikutuma wapi?"

Nikatazama miguu yangu yenye tope.

"Nilikuacha nje uje hapa. Umwambie huyu mahali gari lilipoelekea. Mtu mmoja ndani, mtu mmoja aje nyumbani. Ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote. Kule ndani siku ya kwanza nilisema, sasa kijana ameshafika. Siku ya pili nikasema, labda njia mbaya, atafika kesho."

Hapa naandika kitu ambacho mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ile nilipofika nyumbani, mke wangu aliniambia, "Nenda Kibuli sasa hivi, wajue." Nilitoka. Nilifika kwenye reli iliyo njia ya Kibuli, nikafikiri nyumba yao itakuwa inatazamwa, nikasimama pale mpaka jua likawa kali. Nikarudi. Nikamwambia mke wangu, "Nimewaambia." Miaka miwili nimelia juu ya daftari na juu ya neno moja la kizuizini. Kosa aliloniwekea Mzee lilikuwa jingine, nami nilikuwa nimelifukia chini ya hayo mawili.

"Nisamehe," nikasema.

"Aliyekungoja si mimi," Mzee akasema. "Muombe aliyekaa pale."

Nikageuka kwenye mkeka. Mama hakuwa ameacha kuchambua. Nilimwambia yote, na reli, na jua, na uongo niliompa mke wangu. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akatupa punje mbovu nje ya mlango.

"Siku ya pili nilikwenda polisi, wakanifukuza," akasema. "Siku ya nne nikaenda mochwari. Walinifunulia shuka moja moja. Nilitazama watoto wa watu, mwanangu, nikashukuru Mungu kwa kila mmoja kwamba siye. Nilishukuru juu ya maiti za watu. Siku ya tisa akaja mwanamke wa Naguru, mke wa sajini, amejifunika uso, akaniambia yu hai, yuko mahali fulani, peleka blanketi. Yule alikuwa na mume wa kupoteza. Hata jina langu alikuwa halijui."

"Nisamehe, Mama."

"Wewe si unaandika? Mwanaume huyu aliniambia unaandika kila siku." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi andika hizo siku tisa. Moja moja. Ukimaliza uniletee unisomee, nione kama umezipata. Halafu tutaongea habari ya kusamehe."

Mzee alikuwa amefumba macho. Sijui alikuwa amelala au la. Nilipoaga alisema, "Ufunge mlango, upepo," basi.

Nimekaa mezani tangu saa kumi. Nimeandika "Siku ya kwanza", nikaona sijui chochote cha siku hiyo. Sijui alipika nini, alimngoja mpaka saa ngapi, alimuuliza nani. Itanibidi nirudi Kibuli nikamuulize yeye mwenyewe, siku kwa siku, na anijibu akitaka. Mvua ikikatika nitakwenda kesho.

Jioni tumekula viazi vitamu na mchuzi wa karanga wenye dagaa. Nilimweleza mke wangu habari ya reli kabla hajapakua. Akapakua sahani za watoto na yake, yangu akaiacha tupu juu ya meza, mwiko kando yake, nijipakulie mwenyewe.